Kijiwe cha Kalamba

Dereva wa lori ndiye aliyeniponza. Tulikuwa Kasumbalesa, upande wa Zambia, kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuingia Kongo kubeba shaba, naye alikuwa amekalia ndoo iliyofudikizwa, akikaanga mayai kwenye jiko dogo la gesi kando ya tairi. Mtu wa Mbeya, siku yake ya nne kwenye foleni. Aliposikia naelekea Lubumbashi kuandika, alishusha sauti kana kwamba mayai yana masikio.

"Dada, kule kuna kijiwe cha bangi chenye leseni. Unakaa kwenye kochi, unaletewa kama unavyoletewa soda. Ukimaliza unapewa risiti."

Ile risiti ndiyo iliyoniteka. Mtungaji wa uongo wa kawaida huishia kwenye kochi. Hafiki kwenye risiti.

Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam kwa TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, kisha mabasi mawili ambayo sitaki kuyakumbuka, na nia yangu ya awali ilikuwa kuandika juu ya Kiswahili cha Katanga. Lakini nilikuwa nimesoma habari za vijiwe vya namna hiyo. Las Vegas walifungua ukumbi wao wa kwanza wenye kibali cha jimbo Februari 2024. Uholanzi ina yale maduka ya kahawa ambamo kahawa ndiyo kitu cha mwisho mtu kuagiza. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliamua Septemba 2018 kwamba mtu mzima akivuta faraghani hilo ni lake, ingawa kuuziana bado ni kosa. Na Zambia yenyewe, ardhi niliyokuwa nimeikanyaga nikinusa mayai ya watu, ilipitisha sheria mwaka 2021 ya kulima bangi kwa leseni, kwa ajili ya dawa na kuuza nje. Nikahisi uvumi wa dereva ulianzia hapo: sheria ya upande mmoja imevuka forodha bila kukaguliwa, na ilipofika upande wa pili ikawa imeota kochi.

Hata hivyo nilivuka. Ningevuka tu.

Kutoka mpakani hadi Lubumbashi ni kama kilomita 90, na kinachoonekana kwanza ukikaribia katikati ya mji ni bomba la moshi, mita 153 kwenda juu, na ubavuni mwake kilima cheusi cha mabaki ya tanuri za shaba. Wenyeji wanakichora kwenye picha, wanakipiga chapa kwenye fulana, wanakipenda kama watu wa Moshi wanavyoupenda mlima wao, na tofauti ni kwamba huu wa kwao wameujenga wenyewe, toroli kwa toroli. Mji ulizaliwa mwaka 1910, reli ya kutoka Rhodesia ilipofika, ukaitwa Élisabethville kwa jina la malkia wa Ubelgiji, na jina hilo likadumu hadi 1966.

Jioni ile noti yangu ya dola ishirini ilikataliwa mara tatu kwa sababu ya mchaniko usiozidi ukucha wa mtoto. Nchi inayotumia dola iliyochoka kuliko zote haitaki dola iliyochanika. Mwishowe kijana wa pikipiki aliniokoa kwa kunipeleka kwa mbadilisha fedha ambaye huchukua noti mbovu kwa kuzikata bei. Njiani alinisikiliza nikiongea, akacheka peke yake.

"Mama, Kiswahili yenu iko ya mu kitabu."

Nikamuuliza cha kwao kiko wapi. "Ya kwetu iko mu kinywa," akasema. Waendesha pikipiki hapa wanaitwa manseba, na manseba kwa Kiluba cha Kasai ni mjomba, ndugu wa mama. Kwa hiyo mgeni asiyejua kitu siku ya kwanza tu ana wajomba mia mbili kila njia panda.

Mwenyeji wangu ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari, na kwa desturi ya hapa kila mtu anamwita Prof, hata mkewe. Nilimuuliza mezani, tukila bukari kwa sombe, yaani ugali kwa kisamvu, kile kijiwe chenye leseni kiko mtaa gani. Alitua tonge. Mkewe alitoka nje ili acheke vizuri.

"Iko Kasapa," Prof alisema.

Sikuelewa kwa nini mkewe alizidi kucheka huko nje. Barabara ya Kasapa inakwenda chuo kikuu, na huko huko Kasapa ndiko lilipo gereza kuu la Lubumbashi, kwa hiyo kuna utani wa zamani: mtu akikuambia kijana wake amekwenda Kasapa, unauliza kwanza, kusoma ao kufungwa? (Ao ndiyo au yao.) Kijiwe changu kilikuwa cha aina ya pili.

Kisha Prof akavaa uso wa darasani. Bangi, alisema, imepigwa marufuku katika nchi hii tangu 1903, kabla mji huu haujachimbiwa hata choo. Dekreti ilitolewa na dola ya Leopold II, mfalme ambaye alikuwa mwenye mali wa Kongo nzima na hakuikanyaga hata siku moja. "Tulikatazwa na mtu asiyeijua harufu yake," alisema. Akaongeza kwamba mpwa wake anaishi Liège, na Liège ni mwendo mfupi wa treni kufika Maastricht, Uholanzi. Siku moja yule mpwa na rafiki zake walikwenda kuona duka la kahawa. Mlangoni wakaombwa karatasi ya kuthibitisha kwamba ni wakazi wa Uholanzi, maana Maastricht ilichoka kuvamiwa na Wabelgiji na Wafaransa, na tangu 2012 masharti yamekazwa. Wakarudi Liège na sandwichi. Prof aliisimulia hadithi hiyo kwa furaha kubwa. Kwake ilikuwa haki ya kihistoria ya namna fulani, ingawa hakueleza imetendeka kwa nani.

"Lakini kama unataka kuona kijiwe chenye leseni," akasema, "kesho nitakupeleka."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nilikwenda Kenya bila kupitia Namanga: Kenya ni mtaa wa Lubumbashi, mmoja wa ile mikubwa ya zamani pamoja na Katuba, Kamalondo na Ruashi, wenye soko kubwa na watu wanaotembea katikati ya barabara kwa sababu pembeni kumejaa biashara. Wabelgiji waliutenganisha mji wa Wazungu na mitaa ya Waafrika kwa ukanda mtupu wa mamia ya mita, na jioni kila mtu alitakiwa kuwa upande wake. Ukanda huo siku hizi umejengwa. Prof alinionyesha unapoanzia na unapoishia, nami nikaitikia kwa kichwa, lakini sikuona chochote.

Nganda, yaani baa, tuliyoingia ilikuwa ua wa nyumba: viti vya plastiki vyenye nembo ya kiwanda cha bia, turubai lililofungwa kwenye mwembe, spika moja iliyokuwa na kifua. Mwenye nganda, mama wa makamo aliyefunga kitenge cha pagne mbili, alinitazama toka kichwani hadi miguuni, mwanamke mgeni mwenye daftari, akaamua kwamba mimi ni mtu wa kodi. Prof akamtoa hofu. Nikaletewa Simba, chupa kubwa, na kifuniko kikafunguliwa mbele ya macho yangu, jambo ambalo ni adabu hapa: mteja lazima asikie mlio. Simba na Tembo zote zinatoka kiwanda kimoja cha hapa hapa mjini, na wanywaji wake wamegawanyika kama Simba na Yanga, bila refa.

Haya sasa, alisema Prof, kijiwe chenye leseni ndicho hiki. Alinyoosha mikono kuonyesha ua mzima.

Nilikuwa naanza kuchukia ucheshi wake. Lakini baada ya saa nzima nilianza kuona alichotaka nione. Nyuma ya ukuta, upande wa mfereji, vijana watano walikuwa wamechuchumaa, na upepo ulipogeuka harufu ikaingia uani, ile harufu ya majani mabichi yanayoungua ambayo huhitaji kufundishwa. Mama akainuka na ufagio.

"Batoto, mutoke pale! Hapa tunauzisha bia, hatuuzishe bangi! Munataka banifungie?"

Vijana wakaondoka polepole, kwa heshima, mmoja akisema pardon mama. Naye mama, akirudi, akainama chini ya meza ya pembeni, akatoa chupa ya plastiki iliyokuwa zamani ya maji, akawamiminia wazee wawili lutuku kwenye glasi ndogo. Lutuku ni gongo: mahindi na muhogo, vimechachushwa, vikakenekwa kwenye pipa. Enzi za Wabelgiji mtu alikamatwa kwa lutuku kama anavyokamatwa leo kwa bangi. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia pombe kali isiuzwe kwa Mwafrika katika sehemu kubwa ya bara, na hoja iliyotolewa ilikuwa afya yake na maadili yake. Mzungu aliyetia saini hati kama hizo aliruhusiwa kuwa na konyaki yake. Mwafrika aliruhusiwa bia, na bia ilikuwa ya kiwanda.

Mimi niliomba munkoyo, kinywaji cha uji wa mahindi uliolainishwa kwa mzizi wa porini, ukaachwa uchachuke kidogo. Kina ladha ya togwa iliyosoma. Mtoto anakunywa, mchungaji anakunywa, hakuna dola iliyowahi kukisumbua, labda kwa sababu hakuna aliyepata kutajirika nacho.

Mmoja wa wale wazee wawili alikuwa akinitazama. Alikuwa mstaafu wa Gécamines, kampuni ya migodi, mwenye kofia ya chama fulani kilichokwisha kufa, na vidole ambavyo viwili havikunjiki. Prof alininong'oneza: huyu ni Mluluwa. Kisha akamwambia mzee, kwa sauti ya mtu anayetupa kiberiti kwenye nyasi, kwamba mama huyu ametoka Dar es Salaam anatafuta mahali pa kuvuta bangi kwa halali.

Mzee hakucheka. Aliweka glasi chini, akanyoosha mkono.

"Moyo," alisema.

Nikadhani ananieleza anakoumwa. Prof akanifahamisha kwamba ni salamu, ndivyo watu wa Kasai wanavyoamkiana, na maana yake ni uzima. Nikaitikia moyo. Mzee akasogeza kiti.

"Umechelewa," aliniambia. "Kilikuwako. Kilikuwa kwetu."

Ninayoyasimulia hapa nimeyachanganya: mengine ni ya mzee, mengine ni ya vitabu, na mengine Prof aliyaingiza kwa nguvu akimkatiza mzee. Kwenye mto Lulua, karibu na Kananga ya leo, katika nusu ya pili ya karne ya 19, kulikuwa na mtemi aliyeitwa Kalamba Mukenge. Watu wake waligeuza mambo. Walizichoma au kuzitupa hirizi za zamani, wakakata michikichi ya kugema, wakaacha tembo, na mahali pake wakaweka bangi, ambayo wao waliiita riamba. Wakajiita Bena Riamba, wana wa bangi. Nchi yao wakaiita Lubuku, urafiki. Jioni wanaume walikaa pamoja kuzunguka kiko kimoja kilichotengenezwa kwa buyu kubwa, kikapita mkono kwa mkono. Mikataba ilifungwa kwa riamba. Ugomvi ulikwisha kwa riamba. Aliyekosa aliadhibiwa kwa riamba: alivutishwa, akavutishwa, hadi akaanguka amezimia.

"Bankambo betu bakakata miti yote ya tembo," mzee alisema, na hapo aliitazama glasi yake ya lutuku, kisha akanitazama mimi kuona kama nimeona.

Katika nchi hiyo, basi, sheria ilikuwa imekaa kwenye kiti cha upande wa pili kabisa. Mlevi ndiye aliyekuwa mkosaji, na mvutaji alikuwa raia mwema. Na kuhani mkubwa wa riamba alikuwa mwanamke, Sangula Meta, dada yake Kalamba. Nilipouliza kama wanawake walikaa kwenye mzunguko ule wa jioni, mzee alisema hajui, na nilimheshimu kwa hilo, maana Prof alikuwa tayari na jibu.

Mwaka 1881 Wajerumani wawili waliwasili kwa Kalamba: Paul Pogge na Hermann Wissmann. Niliposikia jina la pili nilishika meza. Sisi wa Dar es Salaam tunamjua huyu mtu bila kujua kwamba tunamjua. Pale lilipo Sanamu la Askari, mtaa wa Samora, kabla ya Waingereza kulisimamisha sanamu hilo mwaka 1927, palikuwa na sanamu la Wissmann, amesimama juu, askari Mwafrika chini yake. Likapelekwa Hamburg, na huko wanafunzi wakaliangusha mwaka 1968.

Kwa Kalamba alipokewa kama jamaa. Watu waliamini wazungu hawa ni wafu wao waliorudi, weupe kwa sababu ya kukaa majini, na Wissmann akapewa jina la marehemu, Kabasu Babu. Akaamkiwa kwa moyo. Akaandika juu ya kiko cha buyu na juu ya nchi ya urafiki. Kisha Kalamba akampa watu wa kumsindikiza, wakaenda hadi Nyangwe, soko la Waswahili kwenye mto Lualaba. Pogge akarudi kwa Kalamba. Alikufa Luanda mwaka 1884. Wissmann akaendelea mashariki, Tabora, hadi akatokea baharini Saadani Novemba 1882. Saadani ya mtawala Bwana Heri ilimpokea. Miaka saba baadaye alirudi pwani hiyo hiyo na mizinga, akaishambulia Saadani, na Desemba 1889 Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani, akanyongwa Pangani kwa amri yake.

Nilimsimulia mzee habari za Abushiri. Alisikiliza, akauliza kama Abushiri alikuwa anavuta. Nikasema sidhani. "Basi hakukuwa na njia ya kusikilizana," alisema, na safari hii sikujua kama ni utani.

Prof ana kitabu cha Johannes Fabian, Mjerumani mwingine, wa aina nyingine, aliyefundisha chuo kikuu hapa Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kujifunza Kiswahili cha hapa hapa, cha mu kinywa. Alikuja kuandika kitabu kuhusu wasafiri kama Pogge na Wissmann, kikatoka mwaka 2000, na sura yake moja inahusu wana wa riamba. Ninachokipenda ndani yake ni hoja moja ya ukaidi: kwamba wale wapelelezi waliotuandikia kuwa Waafrika wamelewa, wao wenyewe ilikuwa nadra wawe na akili timamu njiani. Homa, kwinini, kasumba ya kutuliza tumbo, konyaki, upweke. Ukikutana na mtu wa hivyo leo pale Kariakoo ungevuka barabara. Na yeye ndiye aliyekuwa ameshika kalamu.

Ningependa kuishia hapo, Kalamba akiwa mtakatifu na dekreti ya 1903 ikiwa shetani. Lakini mzee mwenyewe hakunipa nafasi. Alisema urafiki ule ulikuwa na fimbo. Waliokataa riamba walitozwa, walisukumwa, wengine walihama. Kalamba aliitumia kukusanya koo ndogondogo chini ya mkono mmoja, na mkono huo ulikuwa na bunduki zilizotoka kwa Wachokwe kwa kubadilishana na pembe za ndovu na watu. Na watu, mzee alirudia, kana kwamba nimeshindwa kusikia. Mzee wa Kiluluwa anayejua kwamba babu zake waliuza watu, na anayasema hayo mbele ya mgeni na daftari, nilimwona mtu mkubwa kuliko kofia yake. Miaka ya 1890 Kalamba aligombana na dola ya Leopold, ile ile aliyoisaidia kuingia. Kisha ikaja sheria, na riamba ikarudi nyuma ya ukuta, upande wa mfereji.

Jina lenyewe limesafiri kuliko sisi sote. Bangi yetu ilishuka pwani kutoka Bara Hindi, na Waswahili wakaipeleka bara. Riamba, liamba, diamba ni la upande wa Kongo na Angola. Lilipakiwa kwenye meli za watumwa, likavuka Atlantiki, na Brazil likabaki: diamba. Hapa Lubumbashi yote mawili yanaeleweka. Mji huu umekaa pale ambapo majina hayo yanakutana, kama ulivyokaa pale Kiswahili cha Wayeke wa Msiri, waliotoka kwetu Unyamwezi, kinapokutana na Kiluba na Kibemba na Kifaransa cha mgodini.

"Na weye, mwana," mzee akaniuliza, "unaitafutia nini, ile bangi?"

Nilikuwa na jibu la mwandishi, la udadisi na makala. Nikalianza, nikaliacha katikati. Nina mdogo wangu wa kiume. Mwaka mmoja, akiwa na miaka ishirini, alikamatwa na kete mbili mfukoni, akaenda kukaa ndani, na alipotoka hakuwa yule. Mama yetu anasema ni bangi iliyomharibu. Mimi nasema ni gereza. Yeye mwenyewe hasemi. Tumebishana juu yake miaka kumi na moja, mezani, akiwa ameketi hapo hapo akila. Nadhani nilitaka kuona chumba ambamo kitu kile kile kinauzwa kwa risiti, nikae kwenye kochi hilo nisivute chochote, niangalie sura za watu wanapotoka.

Mzee hakutoa ushauri. Alisema ana mtoto wa dada yake, hapa Katuba, anayeongea na mti wa mpera. "Yeye hakuvutaka kitu," alisema. "Hata sigara." Akanyamaza. Prof naye, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinyamaza.

Muziki ulibadilishwa. Vijana wa nyuma ya ukuta walikuwa wamerudi. Nilijua kwa harufu, na mama alijua pia, lakini sasa ua ulikuwa umejaa na mikono yake ilikuwa imeshika chupa sita. Polisi wawili walikuwa wamekaa meza ya mlangoni na Tembo zao. Mmoja aliinua pua, akavuta hewa, akaitazama bia yake, akanywa. Nikaletewa chikanda kwenye sahani, keki ile ya viazi vya mmea wa porini na karanga, inayokatwa vipande kama soseji, na pilipili pembeni. Nilikula zaidi ya ilivyopasa.

Tulipoondoka, mama alihesabu chupa. Chupa ni zake, siyo zetu, na kiwanda hakimpi bia mpya bila chupa tupu. Zilitakiwa tisa, zilikuwa nane. Ua mzima ulisimama kutafuta chupa ya tisa, wakiwemo wale polisi, kwa bidii ambayo sikuiona serikalini popote katika safari nzima. Ilionekana chini ya kiti cha mzee. Alikuwa ameihifadhi, alieleza, ili aikumbuke siku.

Sikukiona kijiwe cha dereva wa Mbeya. Siku mbili zilizobaki nilizitumia kwenye makumbusho ya taifa, na kwenye soko la Kenya nikinunua vitenge ambavyo, nilipofika nyumbani, dada yangu alinionyesha kwamba vinauzwa Kariakoo kwa bei ya chini.

Alfajiri ya kuondoka nilisimamisha manseba mmoja anipeleke kituo cha magari ya Kasumbalesa. Kijana mwembamba, koti la baridi, kofia ngumu aliyoitundika kwenye usukani badala ya kichwani. Nikataka kuonyesha kwamba sikukaa bure.

"Moyo, manseba," nilimwambia.

Aligeuka nusura tuingie kwenye mfereji. Uso ulimfunguka wote, akaanza kunimiminia Kiluba cha Kasai, sentensi ndefu, moja baada ya nyingine, zenye maswali ndani yake, akingoja nijibu. Sikuwa na neno la pili. Nilirudia lile lile. Akacheka, akapiga honi mbili bila sababu, na tukaenda hivyo hadi kituoni, yeye akisimulia kwa lugha ya mama yake na mimi nikiitikia moyo, moyo, kila alipopumua.

Aliposimama nilidhani atanipunguzia. Alinitoza bei ya mgeni, akaikagua noti yangu kwenye mwanga kwa muda mrefu, akatafuta mchaniko.

Haukuwapo.